Kadi Mpya Haikuwa na Nafasi ya Mama

Ndugu wawili waliingia kazini Jumatatu wakiwa wawili, na siku ya mshahara walipofika dirishani walikuwa mtu mmoja. Hakuna aliyekufa wala aliyefukuzwa. Wote wawili walisimama pale kofia mkononi, mmoja mrefu mwenye mvi za mapema, mwingine mfupi mwenye kifua kipana, na karani wa mishahara akawaambia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba mashine imetoa bahasha moja.

Nilikuwa ndani, nyuma ya karani yule, na nilisikia kila neno. Hasira iliyonishika siku ile sijaitua mpaka leo. Wapo wanaoniambia kwamba hasira ya miaka mingi ni maradhi. Huenda. Lakini kisa hiki nimekisikia kikisimuliwa ovyo mara nyingi mno, vibarazani na harusini, na kila kikisimuliwa ovyo watu hucheka. Mimi nitakisimulia kwa mpango, toka mwanzo, aliyetaka kucheka aone mwenyewe mahali pa kuchekea.

Kazi yangu ilikuwa kupiga kadi. Kampuni ilikuwa na mabohari Changamwe, karibu na reli, na shughuli yake ilikuwa kupokea shehena kutoka bandarini, kuihifadhi na kuipeleka bara. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi yake, karatasi ngumu ndefu kuliko kiganja, iliyotobolewa matundu. Tundu la mahali hapa lilikuwa namba yake, la pale genge lake la kazi, la kule tarehe aliyoanza kazi. Mashine ikilishwa kadi, sindano za chuma zilipenya matunduni, na upande wa pili ikatoka orodha iliyopigwa chapa. Kelele zake hazikuwa na mfano. Nikirudi nyumbani Likoni jioni, mama alikuwa akinikemea, "Teremsha sauti, mwanangu. Hapa ni nyumbani, si bohari."

Walioiunda mashine ile hawakuijua masika. Mvua zikianza, kadi zilinyonya unyevu, zikavimba, zikashikana kama chapati za jana, na mashine ikasongwa. Basi sisi tulikuwa na utaratibu wetu. Jua likichomoza kidogo tulitandika mikeka uani, tukazianika kadi na kuzigeuza upande huu na huu kama mtu anayekausha mbata za nazi, na mmoja wetu akikaa na ufito kufukuza kunguru. Mwenzangu wa meza ya pili, kijana wa Kisauni mwenye ulimi usio na breki, alikuwa akiwaita wapita njia, "Karibuni mbata za Mzungu! Hazina mafuta lakini zina majina yenu!"

Utaratibu wetu wa pili ndio ulioleta balaa, au kwa haki zaidi, kudharauliwa kwake ndiko kulikoleta balaa. Waliozipanga kadi zile hapo zamani hawakuacha nafasi ya kuonyesha nani ameajiriwa wa kudumu na nani ni kibarua. Makarani waliotutangulia wakatafuta njia. Mwajiriwa wa kudumu alipewa kadi yenye mstari wa kijani ukingoni, kibarua akapewa yenye mstari mwekundu. Mashine haikuziona rangi. Tuliziona sisi. Kabla ya kuilisha tulizitenga, kijani trei hii, nyekundu trei ile, tukaziendesha mbalimbali. Kibarua akipandishwa, alipigiwa kadi ya kijani, na ile nyekundu ikaachwa sandukuni kama ukumbusho. Kwa hiyo watu wengi walikuwa na kadi mbili, na hakuna aliyeumia kwa hilo, maana mkono wa mtu ulipita juu ya kila kadi.

Sasa ndugu wale. Kwao ni bara, juu ya Mazeras. Katika ukoo wao, mtoto wa kwanza wa kiume wa kila mke huitwa jina la babu mzaa baba. Baba yao alioa wake wawili. Mke mkubwa akajifungua mwana, akaitwa jina la babu. Baada ya miaka mke mdogo naye akajifungua mwana, akaitwa jina la babu. Wana wawili, jina moja, jina la baba moja, lokesheni moja chini ya chifu mmoja. Nyumbani kwao hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuwachanganya, kwa sababu kila mmoja alitajwa pamoja na mama yake: fulani wa mama fulani. Pale kazini mwenzangu wa Kisauni aliwapa majina yake. Mkubwa, fundi wa kamba na kapi, mwajiriwa wa kudumu, alimwita Kijani. Mdogo, aliyekuja juzi tu kubeba magunia, alimwita Mwekundu.

"Kijani!" alikuwa akipaza sauti dirishani. "Nduguyo Mwekundu akutafuta, asema umemficha chakula!"

"Mwambie chakula kina jina," mkubwa alijibu bila kugeuka. "Na jina ni letu sote. Ale."

Mkubwa alikuwa na kitu ambacho vibarua hawakuwa nacho, nacho ni chumba katika nyumba za kampuni. Chumba kimoja, sakafu ya saruji, bati juu, mfereji wa maji uani wa kutumiwa na wapangaji wote. Ukikitazama hukuona cha kutamani. Lakini alikuwa amekingoja tangu siku alipopata mstari wa kijani, miaka aliyolala Chaani na wanaume wenziwe, akimwona mkewe kwa msimu. Alipokipata alimleta mke na watoto, mke akapanda mchicha pembeni mwa mfereji, mahali maji yanapomwagika, na watoto wakaingizwa shule hapo hapo Changamwe. Sharti lilikuwa moja: chumba ni cha mwajiriwa wa kudumu mwenye miaka kadhaa kazini. Kibarua haruhusiwi kulala humo hata usiku mmoja.

Mashine mpya ililetwa katika miaka ya mwisho kabla ya uhuru. Ilikuja na mtaalamu kutoka ng'ambo, kijana wa Kizungu mwekundu kwa jua, ambaye soksi zake zilifika magotini. Ya zamani ilihitaji umeme na mafuta. Hii ilihitaji baridi. Tukaambiwa chumba tulichokuwa tukilia chakula na kuswalia adhuhuri ndicho kitakachoifaa, kwa kuwa hakina dirisha upande wa jua. Mikeka yetu ikatolewa nje, ikafungwa mtambo wa kupoza hewa, na sisi tukawa tunakula tumechutama kwenye ngazi ya bohari na kuswali kati ya marobota. Chuma kikapata upepo wa baridi ambao hakuna mtu mweusi wa kampuni ile aliyewahi kuupata, na tulitakiwa tufurahi.

Ya zamani iliongozwa kwa nyaya zilizochomekwa ubaoni. Mpya iliongozwa kwa amri zilizopigwa kwenye kadi, bunda zima. Mashine ilizisoma amri zake kwanza, ndipo ikatusoma sisi. Na kadi zake zilikuwa za namna nyingine, matundu mapya, mpango mpya, hazina mistari ya rangi. Kwa hiyo kila kadi ya zamani ilibidi ipigwe upya. Kazi hiyo tulipewa sisi wa meza mbili, tukaifanya mpaka ncha za vidole zikafa ganzi.

Kuhusu watu wenye kadi mbili, mtaalamu alitoa kanuni. Jina likifanana, jina la baba likifanana, lokesheni ikifanana, huyo ni mtu mmoja. Shika kadi yenye tarehe ya mwisho, nyingine tupa. Kwa yule aliyepandishwa kutoka kibarua, kanuni ilikuwa sawa: kadi ya mwisho ndiyo ya kijani, na hiyo ndiyo ya kweli. Sibishi. Kwa watu karibu wote wa kampuni ile kanuni ilikuwa sawa.

Nilipozifikia kadi za ndugu wale nilizifunga kwa mpira, nikazipeleka kwake mwenyewe. Tulizungumza Kiingereza, lakini nakumbuka kila neno.

"Bwana, hawa ni watu wawili."

"Jina?"

"Moja."

"La baba?"

"Moja."

"Lokesheni?"

"Moja. Lakini mama mbalimbali, bwana. Kwao mwana wa kwanza wa kila mke hupewa jina la babu."

Alicheka, tena bila ubaya, na hilo liliniudhi zaidi. "Hakuna mtu mwenye akili timamu anayewapa wanawe wawili jina moja. Atawaitaje?"

"Kwa mama zao. Basi tuongeze jina la mama kwenye kadi mpya."

Akavuta mchoro wa kadi mpya, akaulaza mezani, akanipa kalamu yake. "Nionyeshe nafasi ya mama."

Niliutazama kutoka kushoto hadi kulia. Palikuwa na nafasi ya genge, nafasi ya bohari, nafasi ya zamu. Palikuwa na nafasi ya ukubwa wa buti, kwa sababu kampuni iligawa buti na haikupenda zipotee. Nafasi ya mama haikuwepo.

"Hata buti zao hazilingani," nikasema. 

"Miguu huvimba," akasema, akaiweka kadi nyekundu ya mdogo juu, kwa kuwa ndiyo yenye tarehe ya mwisho, na ile ya kijani akaitumbukiza kwenye sanduku la taka.

Niliporudi mezani mwenzangu wa Kisauni aliniuliza mbona nimenuna. Nikamweleza. Akaacha kupiga kadi.

"Wallahi, yakhe? Kiatu kina nafasi, mama hana?"

"Hana."

"Basi mashine hii imezaliwa na kiatu."

Alicheka, kisha akarudi kupiga kadi.

Tulikuwa tumeahidiwa kwamba mashine zote mbili zitaendeshwa pamoja kwa muda, ya zamani iisahihishe mpya. Ziliendeshwa pamoja, ndiyo, kwa kipindi kifupi cha aibu. Orodha ya zamani ilikuwa na watu wachache zaidi kuliko ya mpya. Tuliotazama tulijua wamekwenda wapi baadhi yao: ndugu wale walikuwa sehemu ya upungufu huo. Mtaalamu naye alijua la kwake. Aliandika taarifa kwa wakubwa kwamba mashine yake imegundua wafanyakazi hewa, majina yasiyo na watu, ambayo mashine ya zamani ilikuwa ikiyahesabu bure. Akapongezwa. Nilikuwepo walipompa mkono. Na mtu hewa mwenyewe alikuwa uani wakati ule ule, juu ya winchi, akikaza kamba iliyoning'iniza tani za chuma juu ya vichwa vya watu.

Nimeanza kwa mwisho na sasa nimekwisha kosea na kupindua maneno kwa hasira: orodha ya mpya ndiyo iliyokuwa na watu wachache. Nimeiacha sentensi ile juu kama nilivyoiandika, msomaji aone jinsi jambo hili linavyonifanya hata leo.

Ya zamani ikafunguliwa vipande. Ndipo ikafika siku ile ya mshahara.

"Namba zenu ni zipi?" karani aliwauliza.

Mkubwa akataja namba yake ya zamani. Mdogo akataja yake. Karani akapitisha kidole kwenye orodha.

"Hizi zote zimefutwa. Namba mpya ni moja. Ya mbeba magunia."

"Mbeba magunia ni mimi," mdogo akasema.

"Na mimi?" mkubwa akauliza.

"Wewe hupo."

Wenziwe waliokuwa nyuma kwenye foleni wakaangua kicheko. "Aka! Shika bega lake uone kama yupo!" mmoja akasema, na mwingine, "Mpe basi mshahara wa kivuli!" Mkubwa naye alitabasamu, maana alidhani ni mzaha wa dirishani. Alitabasamu mpaka karani alipoliteremsha dirisha.

Nilitoka nikawapeleka wote wawili kwa afisa wa wafanyakazi, Mzungu mwenye umri, aliyezaliwa nchini na kujua Kiswahili cha kuamrisha. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Naona nyinyi ni wawili," akasema. "Mimi si kipofu. Lakini mashine inaona mmoja, na mashine ndiyo inatoa mshahara. Kama mngekuwa Wakristo mngekuwa na majina ya kanisa, shida hii isingekuwepo."

"Shikamoo, bwana," mkubwa alisema, kwa kuwa alikuwa bado hajasalimu na aliona ni kosa kuanza shauri bila salamu. Hakujibiwa. "Jina ni la babu yetu. Tulilikuta."

"Basi mmoja wenu alibadilishe."

"Halibadiliki, bwana. Si letu."

Afisa alifanya alichokiita huruma. Kwa kuwa namba iliyobaki ilikuwa na tarehe na genge la mdogo, ikawa ya mdogo. Mkubwa akapewa namba mpya. Nikaamriwa nimpigie kadi. Nikapiga tarehe yake ya kweli, ile ya miaka mingi nyuma, nikailisha mashine. Mashine ikaitema. Nikapiga tena. Ikaitema tena. Mtaalamu akaja kunieleza kwa upole wake ule kwamba kadi za zamani zikishahamishwa, amri za mashine haziruhusu namba mpya kuwa na tarehe ya zamani kuliko mashine yenyewe, ili watu wasijiongezee miaka. Je, amri haiwezi kubadilishwa? Inaweza, lakini kwa ruhusa ya makao makuu Nairobi. Afisa akaandika barua Nairobi. Wakati tukingoja jibu, kadi ilipigwa kwa tarehe ya siku ile, na mtu aliyekuwa fundi wa kamba kabla mimi sijajua kusoma akawa kibarua aliyeajiriwa leo. Fundi mkuu aliendelea kumpandisha winchini, maana hakuwa na mwingine. Kazi ilimtambua. Ni kampuni iliyomkana.

Barua ya Nairobi haikujibiwa. Ila orodha ya nyumba ilitolewa na mashine ile ile, na hiyo haikuchelewa. Msimamizi wa nyumba aliona namba ya kibarua ndani ya chumba cha kampuni, akapeleka notisi. Nilimwendea. Nikamwambia mtu huyu umemjua tangu alipohamia, umekula kwake futari. Akasema, "Namjua, bwana karani. Lakini mimi napewa orodha, sipewi watu." Nilikwenda kwa wa chama cha wafanyakazi pia. Wao walikuwa na mikutano ya uhuru kila Jumapili, na wakaniambia mambo madogo kama haya yatajimaliza yenyewe nchi ikishakuwa yetu.

Nikafikiri, nikipata ile kadi ya kijani angalau nitakuwa na cha kuweka mezani. Masanduku ya kadi za zamani yalikuwa yameshauzwa kama karatasi chakavu. Jioni moja pale kivukoni Likoni nikanunua kashata, mama muuzaji akaniwekea juu ya kadi ngumu yenye mstari wa kijani. Nikaigeuza, nikaisoma. Ilikuwa ya mtu mwingine. Tangu hapo kila jioni nilisimama kwenye sinia lake, nikifunua kadi moja moja.

"Mwanangu," akaniambia mwishowe, "wanunua kashata ama wasoma? Kama wasoma, chuoni ni kule."

Sikuipata.

Siku ya kuhama nilikwenda kusaidia kubeba. Ndugu wale walikuwa wamekaa juu ya kitanda kilichokwisha kufunguliwa, uani, na mdogo alikuwa akisihi.

"Kaka, chukua namba yangu. Mimi nirudi shamba."

"Namba yako ni ya kibarua, na yangu ni ya kibarua. Unipe nini? Njaa ile ile kwa jina lile lile?"

"Basi mimi nibadili jina. Niende kwa padre, anipe la huko."

Mkubwa akamgeukia. "Ukibatizwa kwa imani, nitakuja nikupigie makofi. Ukibatizwa kwa ajili ya mashine, usinijie. Babu alipokufa alituachia wawili ili mmoja akianguka jina lisimame. Leo unataka kuliangusha mwenyewe?"

"Lakini nimekutoa nyumbani mwako."

"Wewe? Wewe umenitoa?" Akasimama. Ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akipaza sauti. "Mimi nimetolewa na mdogo wangu au nimetolewa na kampuni? Sema! Usiwabebee mzigo wao. Gunia lao unalipwa kubeba, hili hulipwi!"

 Mkewe alikuwa ameinama pale mferejini akiung'oa mchicha, mche kwa mche, hata miche iliyokuwa haijafika kiganja, akiishindilia ndooni pamoja na udongo wake. Jirani akamwambia mingine amwachie. "Nakuachia wewe leo, kesho ataila nani?" akajibu. "Siwaachii hata jani."

Walihamia Mjambere, chumba cha udongo na makuti kwa mtu wa ukoo wao. Watoto wakaacha shule ya Changamwe. Mkubwa akawa anaondoka alfajiri, avuke daraja la Nyali, akate kisiwa kizima, avuke tena Makupa, apande winchi. Chumba chake kilikaa kimefungwa kufuli kwa miezi. Halafu masika ikaingia, na kwa kuwa bohari lilikuwa na unyevu, walikijaza masanduku ya kadi mpya za mashine, zisije zikavimba.

Bendera ikashuka, nyingine ikapanda. Niliimba kama wengine, na nilifurahi, sitaki mtu aseme sikufurahi. Afisa wa wafanyakazi akaenda zake kwao, kama alikuwa na kwao kwingine, na kiti chake akakalia mwenzetu, kijana msomi aliyezungumza nasi kama watu. Nikamwambia mkubwa, sasa twende. Akavaa kanzu aliyoazima.

Afisa mpya alisimama alipomwona. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Nilimwona mkubwa akinyooka mgongo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Tukaletewa chai. Tukaeleza yote, mama wawili, mistari ya rangi, kanuni, barua. Yule kijana alisikiliza bila kutukata, akaagiza jalada, akalisoma lote mbele yetu.

"Mzee, haki ni yako," akasema. "Hili ni wazi kama jua."

"Alhamdulillahi," nikasema mimi.

"Shida ni kwamba amri za mashine hatuwezi kuzigusa hapa. Nairobi nao wanasema mpaka waliounda, ng'ambo. Tunangoja jibu."

"Mwanangu," mkubwa akamwambia taratibu, "wewe unaniona?"

"Nakuona, mzee."

"Basi andika kwa mkono wako kwamba umeniona, na tarehe niliyoanza. Kalamu unayo."

Yule kijana aliishika kalamu. Nakumbuka aliishika, akaitazama, akaitazama karatasi. Kisha akasema kitu nilichokuwa nikikisikia kwa mtaalamu kwa Kiingereza na sasa nikakisikia kwa Kiswahili kizuri: kwamba akiandika kwa mkono, mashine haitasoma. Akairudisha kalamu mahali pake na kutusindikiza mpaka mlangoni, kwa heshima zote. Nilitamani angetutukana.

Mwenzangu wa Kisauni alikuwa akitungoja uani. Alimtazama mkubwa usoni, akaufungua mdomo kwa mzaha wake, akaufunga.

Miaka michache baadaye niliacha kazi pale. Siku yangu ya mwisho nilitoa nakala ya orodha ya wafanyakazi, nikaitafuta sehemu ile. Jina lile lipo mara mbili, limefuatana. Wa kwanza ni mdogo, aliyekwishapandishwa, mwajiriwa wa kudumu, ambaye jina lake lilikuwa limefikia zamu ya kupewa chumba na yeye akakataa kukipokea, mara ya kwanza, na mara ya pili. Chini yake ni mkubwa, kibarua, aliyeanza kazi baada ya mdogo wake. Kwa mashine, mtoto wa nyumba kubwa alikuja duniani nyuma ya mtoto wa nyumba ndogo.

Nikapita kwa karani wa majalada nikamwomba anionyeshe lile jalada. Barua ilikuwa juu kabisa, na pembeni yake mtu alikuwa ameandika kwa penseli: inangoja jibu. Nilimwuliza ni nani aliyeandika, na jibu linatoka wapi sasa. Akaniambia hajui, maneno yale aliyakuta.